Maswali ya Wasomaji: Kuanzisha Blogu na Kuitunza Isife

Barua za mwezi huu zimejaa blogu: namna ya kuanza, namna ya kulipia, na zaidi ya yote, namna ya kuokoa blogu zilizokwama. Tumechagua chache kutoka pande mbalimbali za Uganda. Zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja.

Wahariri, salamu. Nafundisha Kiswahili katika sekondari moja hapa Arua. Nataka blogu ya kuwekea mazoezi ya sarufi na ufupisho, wanafunzi wayapate hata likizoni. Sina kompyuta, nina simu ya Android tu. Nianze na ya bure au ya kulipia?

Salamu zimefika, mwalimu. Anza na ya bure, na kwa kazi yako tunakushauri Blogger, huduma ya kuandikia blogu iliyo chini ya Google tangu 2003. Haikutozi ada ya seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) wala kukutaka usasishe kitu. WordPress nayo ni programu ya bure, lakini ukitaka kuiendesha kwa uhuru wote lazima ukodi nafasi kwenye seva kila mwaka. Gharama hiyo ina maana kwa mwenye duka la mtandaoni au kwa gazeti lenye waandishi kadhaa. Kwa mazoezi ya sarufi, bado.

Kabla ya kugusa Blogger, fungua anwani mpya ya Gmail kwa ajili ya blogu pekee, yenye neno la siri usilolitumia mahali pengine. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kisha omba misimbo ya dharura: Google hukupa 10, kila mmoja wa tarakimu 8, na kila mmoja hutumika mara moja. Iandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Simu ikiibiwa au laini ikifungwa, misimbo hiyo ndiyo itakayokurudisha ndani. Barua nyingi za "blogu yangu imepotea" tunazopokea zinahusu blogu ambazo zipo salama kabisa, ila mwenyewe hawezi tena kuingia.

Sasa fungua blogger.com kwa Chrome. Kioo kikibana, ingia kwenye menyu ya nukta tatu uchague ukurasa uonekane kama kwenye kompyuta. Chagua mwonekano mwepesi, wenye safu moja, usio na picha kubwa ya juu. Kwenye mipangilio, weka saa za Kampala (GMT+3) na uhakikishe umeruhusu injini za utafutaji kuiona blogu. Andika makala kwanza kwenye programu ya maandishi ya simu, ndipo uyanakili Blogger, kwani mtandao ukikatika katikati ya kuandika, aya nzima inaweza kupotea.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha, tazama kiungo cha makala. Blogger hukitunga yenyewe kutokana na kichwa, na mara nyingi hukikata vibaya. Chagua kukiandika mwenyewe, kifupi, kwa herufi ndogo na vistari: ngeli-ya-ki-vi, kwa mfano. Mwaka na mwezi vitatangulia tu, huwezi kuviondoa. Baada ya kuchapisha usikibadilishe tena, maana wanafunzi waliokwisha kutumiana kiungo hicho WhatsApp watakuta ukurasa haupo.

Usiitangaze blogu yenye zoezi moja. Kuwa na matano tayari, mgeni wa kwanza akimaliza moja apate la kuendelea nalo.

Nimeshaanza Blogger na nimenunua jina langu la .com, lakini haliunganiki. Nifanye nini? (Kutoka Jinja)

Ndugu yetu wa Jinja, kazi hii hufanyika pande mbili. Ndani ya Blogger, kwenye mipangilio, andika jina lako likiwa na www mbele. Blogger italikataa na kukuonyesha rekodi mbili (maagizo ya kuelekeza jina) za aina iitwayo CNAME. Ya kwanza inaelekeza www kwenda ghs.google.com. Ya pili ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu ulio wako peke yako, na hapo ndipo wengi huteleza, kwa sababu huinakili kwa mkono na kukosea herufi moja. Inakili kwa kubonyeza na kubandika.

Peleka rekodi hizo kwa kampuni uliyonunua jina, kwenye ukurasa wa DNS, yaani mfumo unaoelekeza majina kwenye seva. Ongeza pia rekodi nne za aina ya A kwa jina lisilo na www: 216.239.32.21, 216.239.34.21, 216.239.36.21 na 216.239.38.21. Kama kampuni ilikuwa imeweka rekodi zake za A au CNAME kwenye majina hayohayo, zifute, la sivyo zitagongana na zako. Rekodi za barua pepe usiziguse. Subiri saa chache, wakati mwingine hadi siku 2, kisha rudi Blogger uhifadhi. Mwisho washa vitu viwili: kuelekeza jina lisilo na www kwenda lenye www, na HTTPS (njia salama ya kufungua ukurasa). Usipowasha la kwanza, wasomaji wanaoandika jina lako bila www hawatafika kwako.

Ndugu wahariri, naandika kuhusu kahawa yetu ya arabika huku Mbale. Wasomaji wananiambia ukurasa hauishi kufunguka. Mtandao wetu ndio mbovu?

Mtandao unachangia, dada, lakini tumefungua ukurasa wako na tatizo ni picha. Umeziweka kama zilivyotoka kwenye kamera ya simu. Picha ya simu ya siku hizi ina megabaiti 3 hadi 5, nawe umeweka nane katika makala moja. Msomaji wa kijijini anatumia megabaiti 24 au zaidi ili asome namna ya kuanika kahawa. Bando analinunua, na tangu Julai 2021 data ya intaneti nchini hutozwa ushuru wa asilimia 12, ulioingia mahali pa ile kodi ya OTT, ya kutumia mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku. Atakuja mara moja, hatarudi.

Dawa yake ni rahisi. Punguza upana wa kila picha uwe piseli 1200 au chini, na uzito usizidi kilobaiti 150. Tovuti ya Squoosh hufanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari. Chagua muundo wa WebP au JPEG, shusha ubora hadi 70 au 75, tazama kama jicho linaona tofauti. Kwa picha ya kichaga cha kukaushia kahawa halitaona. Muundo wa PNG uache kwa michoro na picha za kioo cha simu (skrinishoti), kwani picha ya kawaida ikihifadhiwa hivyo huvimba mara kadhaa. Video usiipakie kwenye blogu. Iweke YouTube, kwenye makala utie kiungo chake.

Picha nane tukizichambua zinabaki tatu: kahawa iliyoiva ikiwa bado mtini, kichaga, na kahawa iliyokauka vizuri ikiwa kando ya iliyooza. Hiyo ya mwisho ndiyo mkulima anayoitafuta, na wewe umeiweka chini kabisa.

Jambo moja zaidi. Vichwa vyako ni vizuri kwa sikio lakini havitafutwi. "Dhahabu Nyekundu ya Mlima Elgon" hakuna anayeiandika Google. Andika "Jinsi ya kuanika kahawa ya arabika wakati wa mvua". Kisha sajili blogu kwenye Search Console, chombo cha Google cha kufuatilia blogu inavyoonekana kwenye utafutaji, na uwasilishe ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake. Kwa Blogger jina la faili ni sitemap.xml. WordPress, tangu toleo la 5.5 la 2020, hutengeneza yake yenyewe: wp-sitemap.xml. Kurasa mpya zinaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kuonekana, kwa hiyo usizibadilishebadilishe kila asubuhi.

Kijana mmoja alinitengenezea blogu na kuninunulia jina. Sasa hapokei simu, na blogu imefungwa. Jina ni langu au lake? (Kutoka Busia)

Mama, jina ni la yule ambaye maelezo yake yaliandikwa wakati wa kununua. Kama aliandika anwani yake ya barua pepe, mbele ya kampuni mwenye jina ni yeye, hata kama pesa zilitoka kwako. Inauma, na tunaiona mara nyingi mno.

Anza kwa kuchunguza. Ingia lookup.icann.org uandike jina lako la .com. Majina ya wamiliki siku hizi hufichwa, lakini utaona kampuni iliyolisajili na tarehe ya kuisha. Huenda jina halijaibiwa, limeisha muda tu. Jina la .com likiisha, kampuni nyingi hukupa siku kadhaa za kulipia kwa bei ya kawaida. Baada ya hapo lina siku 30 ambazo bado unaweza kulirudisha, ila kwa faini ambayo mara nyingi huzidi bei yenyewe. Kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, na hapo hakuna tena la kufanya hadi lirudi sokoni, ambako wapo wanaoyavizia majina yenye wasomaji.

Kampuni ukishaijua, iandikie ukiambatisha ushahidi wa malipo: ujumbe wa MoMo au Airtel Money, mazungumzo ya WhatsApp, picha za biashara yako zenye jina hilo. Si kila kampuni itakubali, lakini bila ushahidi hakuna itakayokusikiliza. Kijana akipatikana, hatuoni faida ya kugombana naye. Mwombe msimbo wa uhamisho na afungue kufuli la jina, ili ulihamishie kwenye akaunti yako. Kama lilisajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita, litagoma kuhamia kampuni nyingine hadi siku hizo zipite.

Kwa wengine wote: fundi akutengenezee blogu, lakini jina linunue mwenyewe, kwa barua pepe yako, huku yeye ameketi kando. Jina la .com ni kama dola 10 hadi 15 kwa mwaka, na kampuni za hapa nchini zinapokea pesa kwa simu. Uliza bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipa ya kwanza, kwani ofa za mwaka wa kwanza huficha bei halisi.

Blogu yangu ya WordPress inawapeleka wasomaji kwenye tovuti ya kamari, lakini nikiifungua mimi naiona sawa. Wananisingizia? (Kutoka Kampala)

Hawakusingizii, kaka. Imevamiwa, na wavamizi hupanga hivyo makusudi: anayetoka Google au anayetumia simu huelekezwa kwingine, mwenye blogu aliyekwisha kuingia haoni kitu. Ifungue kwa dirisha la faragha, ukitokea kwenye matokeo ya Google, utajionea.

Badilisha kwanza maneno ya siri yote: la seva, la hifadhidata, la WordPress, la barua pepe. Tazama orodha ya watumiaji, ufute msimamizi yeyote usiyemjua. Umetuambia mwonekano wako ni wa kulipia, ila uliupata bure kwenye kikundi cha Telegram. Ndio mlango tunaoushuku kwanza. Mionekano na programu-jalizi (programu ndogo za kuongezea blogu kazi) zilizovunjwa ulinzi huja mara kwa mara na msimbo wa uvamizi ndani, na ukizisafisha zinarudi. Ondoa kabisa, usizizime tu. Weka upya faili za WordPress kutoka wordpress.org, sasisha kila kilichobaki, na kama una nakala ya akiba ya kabla ya tatizo, irudishe hiyo kisha usasishe mara moja. Search Console ikikuonyesha onyo la usalama, omba ukaguzi baada ya kusafisha.

Nakala ya akiba iliyo kwenye seva ileile haikusaidii siku seva ikifungwa au ikivamiwa. Kwa WordPress, programu-jalizi ya UpdraftPlus inaweza kuituma Google Drive kila wiki. Wa Blogger nao wapakue yao kutoka kwenye mipangilio kila mwezi, wakikumbuka kwamba faili hiyo ina maandishi bila picha zenyewe. Picha zihifadhi kando.

Naweza kuweka picha za wanafunzi wangu? (Kutoka Kasese)

Kwa idhini ya mzazi au mlezi, iliyoandikwa, tena kabla ya kuziweka. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inalinda taarifa za watoto kwa namna ya pekee. Picha ya mikono ikiandika ubaoni inatosha kwa makala nyingi. Picha za watu wengine kutoka Google zina wenyewe pia, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2006, na kuandika "picha kwa hisani ya mtandao" hakukupi ruhusa.

Pesa ya matangazo inaanza lini? (Wasomaji wengi)

Polepole kuliko mnavyoambiwa. AdSense, huduma ya matangazo ya Google, hailipi hadi salio lifike dola 100. Likifika dola 10, Google hutuma barua yenye namba ya siri kwa posta, kwa hiyo andika sanduku la posta unalolifungua kweli. Tukiona mtu ameandika jina la mtaa peke yake tunajua barua haitafika. Miezi 4 ikipita bila kuthibitisha anwani, matangazo husimamishwa. Jina la akaunti lifanane na la benki, herufi kwa herufi. Na vile vikundi vya WhatsApp vya kubonyezeana matangazo, tokeni leo: Google huvitambua na kufunga akaunti.

Kwa blogu ndogo ya Kiswahili, tangazo la duka la pembejeo la wilayani, linalolipwa kwa mwezi, huweza kufika mapema zaidi. Mkubaliane bei ya mwezi, si ya idadi ya wasomaji, na neno "Tangazo" lisomeke juu yake. Facebook imezuiwa nchini tangu Januari 2021, hivyo msitegemee wasomaji wa huko. Fungueni chaneli ya WhatsApp, na kila makala mpya itumeni siku ileile ya wiki. Moja kwa wiki 2 inatosha, mradi ije.