Kibodi na kipanya visivyo na waya vinaganda

Pole ndugu yangu. Umesema vimeanza kuganda tangu Windows ijisasishe, na fundi wa hapo Mwembe Tayari, Mombasa, anataka kukuuzia CD ya draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa. Weka pesa zako mfukoni. Vifaa hivi kwa kawaida hutumia draiva iliyomo tayari ndani ya Windows. Fungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa iliyomo ndani ya Windows, ondoa kibodi na kipanya, kisha uwashe kompyuta upya, na draiva zitarudi zenyewe. Kama ni kompyuta ya mezani, azima kwanza kipanya cha waya, la sivyo utabaki kuitazama skrini tu!

Lakini mimi nashuku kile kidude cha USB unachochomeka kwenye kompyuta ili kipokee mawimbi ya kibodi na kipanya. Tundu la USB 3.0, mara nyingi lile la buluu, huvuruga mawimbi ya 2.4 GHz, na ndiyo kidude hicho kinayotumia. Kibodi yangu ilikuwa ikimeza herufi wiki nzima, nikakihamishia tundu jeusi la mbele, ikatulia. Halafu fungua pa betri utazame vile vyuma. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, vyangu nilivikuta vimeota kutu.