Kuhusu mitamba kumi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama ni busara kutumia akiba yako kununua mitamba kumi na kuiweka hapa Kongwa chini ya uangalizi wangu. Neno langu unalijua tangu utotoni: hesabu maji kwanza, ng'ombe baadaye.

Waingereza walipoleta mpango wao wa karanga hapa mwaka 1947, walihesabu matrekta. Walifyeka pori, wakavuta reli kutoka Msagali, lakini udongo wa mfinyanzi ukawashinda, kwa maana kiangazi uligeuka saruji, na mvua haikufuata ratiba iliyopangwa London. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, na sehemu ya mashamba yale ikawa ranchi. Babu yako, aliyechunga katika mbuga hizo kabla ya kuliona tingatinga, alikuwa akicheka kwamba wazungu walimaliza mamilioni ya pauni ili wajue jambo ambalo kila mtoto wa Kigogo alilijua, kwamba hii ni nchi ya malisho.

Lakini nchi ya malisho nayo ina miezi yake. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, na ikifika Oktoba nyasi ni makapi, lambo limebaki tope, na bei mnadani imeanguka kwa kuwa kila nyumba inauza siku ileile.

Katika Oktoba kama hiyo nilimpeleka mnadani Kijivu, yule mtamba uliyemlea kwa chupa. Ulikuwa kidato cha tatu na ada ilikuwa inadaiwa. Dalali alimpapasa mbavu, akasema mbele ya watu kwamba hapa ananunua ngozi tu, nami nikakubali bei ambayo hadi leo sijamtajia mama yako. Mvua ilinyesha wiki tatu baadaye. Mwaka uliofuata nilikutana na kundi linavuka barabara pale Mbande, naye Kijivu yumo, amenawiri, ndama anamfuata. Nilipiga mluzi wetu wa jioni. Alisimama, akageuza kichwa, hadi mchungaji akamchapa fimbo.

Nilikosea? Ada ililipwa, nawe leo una akiba ya kuniulizia swali hili. Hata hivyo, ningekopa kwa shangazi yako na kusubiri wiki tatu, ukoo wa Kijivu ungekuwa zizini kwetu. Kisha najijibu kwamba mvua ingeweza kuchelewa hadi Januari, nikapoteza ng'ombe na ada kwa pamoja. Mama yako amechoka kunisikiliza.

Josho na chanjo ya homa ya mapafu hazinitishi. Kinachonitisha ni wewe kuwa mbali, kiangazi kimefika, nami ndiye wa kuamua yupi auzwe. Nilikuwa nimeshaandika mstari wa kukukataza, nikaufuta, kwa sababu fedha ni zako na sitaki hofu yangu ya Kijivu ikuamulie. Lakini usije kuangalia mwezi wa Aprili, ambapo Kongwa yote ni kijani na humdanganya kila mgeni. Njoo Oktoba, tutembee hadi lambo. Ukishuka Mbande nipigie simu, mdogo wako atakufuata na pikipiki.

Baba yako