Je, Ubora wa Kifaru ni Unene wa Chuma?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwenzangu hapa Kongwa ameshikilia kwamba kifaru cha kisasa cha kivita kinakizidi cha zamani kwa unene wa chuma tu. Je, ni kweli?
Msomaji, Kongwa, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, unene si jambo kuu. Deraya ya leo huunganisha tabaka za chuma, kauri na vitu vingine, lakini hatua ninayoithamini kuliko zote ni namna ya kuhifadhi makombora, kwa kuwa ndiyo inayookoa maisha ya askari. Katika kifaru cha Kisovieti cha T-72, makombora ya mtambo unaopakia mzinga wenyewe bila mkono wa askari hupangwa kwa duara sakafuni, chini ya askari wenyewe, hivyo yakilipuka hawana pa kukimbilia. M1 Abrams ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 1980, huweka mengi ya makombora yake nyuma ya mnara wa mzinga, yakitengwa na askari kwa milango ya chuma, na juu yake kuna vibao vya paa vilivyoundwa ving'oke upesi ili nguvu ya mlipuko itokee nje. Merkava ya Israeli nayo imewekewa injini mbele, iwe ngao ya ziada.

Hata hivyo, injini ya Abrams, yenye nguvu za farasi 1,500, ni ya tabaini, yaani ya mapanga yanayozungushwa kwa gesi ya moto, na huvuta hewa nyingi mno. Ninyi mnaolijua vumbi la kiangazi mtaelewa kwa nini vichujio vyake husafishwa mara kwa mara jangwani.