Babu unamtania, baba humtanii

Kuna swali mmeuliza, tunawaitaje babu zetu na kama majina ya mtaani kama guka au kibabu ni kukosa adabu. Mi nasema mengi hayana ubaya wowote, tena yana mapenzi ndani yake.

Kwetu Tanga babu ni babu tu, ukitaka kutofautisha unasema babu mzaa baba au babu mzaa mama. Ila utani wake sasa! Mjukuu wa kiume kwa bibi ni mume kwahiyo babu akikuona tu anaanza, we kijana umekuja tena kuninyang'anya mke, na mjukuu wa kike babu anamwita mchumba, anamuuliza mbona mahari nilishatoa na chai sijaiona, binti anamjibu mzee we hata meno huna utatafunaje maandazi, watu wanacheka na hakuna anayenuna. Maneno hayohayo kamwambie baba yako uone kama utalala humo ndani. Halafu mtoto akirithi jina la babu yake na yeye anaitwa babu, utamsikia mama mtu anamwambia mtoto wa miaka 2 "babu njoo ule", na hata kumchapa wanamuonea haya. Hii naipenda sana jamani.

Kenya nako Wakikuyu wana guka, Wagiriama tsawe, na guka naona imeshaingia kwenye Sheng, ile lugha ya mtaani ya vijana, kabisa, hata wasio Wakikuyu wanaitumia. Sioni adabu imevunjwa wapi hapo, guka ndo babu mwenyewe.

Na babu siku hizi si lazima awe ndugu. 2011 Mchungaji Ambilikile Mwasapile alipokuwa anatoa kikombe cha dawa kule kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, nchi nzima ilimwita Babu wa Loliondo, wengi jina lake halisi hata hawakulijua. Hata kitu kizuri sana mtaani tunasema ni babu kubwa.

Nisilolipenda ni kibabu. Hiyo ki- inamdogosha mtu mzima, hasa ikisemwa na mtu asiye mjukuu wake. Na nyie makonda wa daladala, mtu ana miaka 50 tu kaingia na begi lake la kazini mnamwambia "babu sogea nyuma", kwanini? Mwiteni mzee, akitaka kuwa babu yenu atawaambia mwenyewe.