Presha ya mkono haitoshi

La dada, umesema mama akifanyiwa oparesheni ya shingo, presha ya mkononi ikisoma sawa basi ubongo wake uko salama; haimaanishi ubongo unapata oksijeni ya kutosha, hasa kama atafanyiwa akiwa ameketishwa. Mimi niko thieta hapa Malindi upande wa nusukaputi, yaani dawa ya usingizi. Kichwa kikiwa juu ya mkono, kila sentimita 10 presha inashuka kama 7 au 8, sasa mkononi ikisoma wastani wa 70 (wastani ni kati ya namba ya juu na ya chini) na ubongo uko sentimita 20 juu, kule inafika kama 55 tu, na hiyo ni ndogo sana kwa mtu aliyeishi na presha ya juu miaka yote kama wazee wetu wengi. Ndio maana inafaa ipimwe kwa usawa wa sikio.

Akilazwa chali wakapitia mbele ya shingo, vile vyuma vya kupanulia vinaweza kubana mshipa mkubwa wa damu wa kwenda kichwani, vyalegezwa kila baada ya muda. Na mashine ya kupumulia isiende mbio, kaboni dioksaidi ikishuka mishipa ya ubongo yajikaza, damu ya ubongo yapungua hata kama kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma 100.

Viko vibandiko vya paji la uso vya kupima oksijeni ya ubongo, ila vinasoma sehemu ya mbele tu na si kila hospitali inavyo. Mpelekee daktari wa nusukaputi presha ya mama ya kila siku na dawa zote anazomeza, atazihitaji ili ajue presha isishuke chini ya wapi.