Tuzo iliyoyeyuka

SWALI: Shikamoo mjomba. Nimenunua kitabu cha katuni cha Kifaransa kwenye rundo la mitumba hapa Ngamiani, Tanga, shilingi 2,000. Jaladani kuna kibandiko kimechakaa: "Alph-Art, Angoulême". Rafiki yangu katafuta orodha ya tuzo za sasa, hakuna. Ni feki?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Hujatapeliwa, tuzo ndiyo imekufa. Tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa, lilianza 1974, na lina tabia ya kubadilisha majina ya zawadi zake kama kanga za sikukuu. Mwanzoni waliziita Alfred, jina la pengwini wa katuni aliyechorwa na Alain Saint-Ogan. Pengwini akaondoka, na mwaka 1989 ikaingia Alph-Art, ikadumu hadi 2003. Jina hilo lilitoka kwenye kisa cha mwisho cha Tintin, yule mwandishi wa habari wa katuni, ambacho mchoraji wake Hergé alifariki 1983 bila kukimaliza. Kuipa tuzo jina la kitabu kisichokwisha, hapo nawavulia kofia! Baadaye ikaja Fauve, kutokana na paka aliyebuniwa na Lewis Trondheim. Binafsi namlilia pengwini.

Basi kitabu chako, kama kibandiko ni cha kweli, kilitamba kati ya 1989 na 2003. Kibandiko usikibandue kwa kucha, maana jalada litachanika. Kitabu kifunge kwenye nailoni kavu, mbali na dirisha la baharini.