Taa Mpya, Nyaya za Zamani

SWALI: Nimerithi nyumba ya zamani mjini Tanga. Nilipofungua silingirozi (kikombe cha darini kinachofunika viungio vya nyaya za taa) ili nifunge taa mpya ya chuma, nilikuta nyaya nyekundu tatu na nyeusi tatu, ilhali taa ina waya wa kahawia, wa bluu na wa kijani wenye mstari wa njano. Je, niunge nyekundu zote na kahawia, na nyeusi zote na bluu?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, kwani ukifanya hivyo taa itawaka muda wote, na pindi utakapowasha swichi, waya wa moto (unaoleta umeme) na wa nyutro (unaourudisha) zitakutana na fyuzi itakatika. Inaelekea darini pana kebo tatu: moja inaleta umeme, ya pili inaupeleka kwenye taa nyingine, na ya tatu inashuka kwenye swichi. Nyekundu zote hubaki zimeungana kwenye konekta yao bila kugusa taa. Nyeusi za kebo mbili za kwanza ndizo nyutro, nazo huungwa na bluu. Nyeusi ya swichi, ambayo licha ya rangi yake hubeba moto taa inapowashwa, ndiyo huungwa na kahawia.

Kuitambua kunahitaji vipimo, kwa hiyo mwite fundi umeme mwenye leseni. Azime swichi kuu kabla ya kugusa chochote, na testa, yaani kifaa cha kupima kama waya una umeme, aijaribu kwanza mahali penye umeme.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba hukutaja waya wa athi darini, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ambao huungwa na ule wa kijani na njano wa taa. Kama haupo, taa ya chuma isifungwe hadi uvutwe. Na kama mpira wa nyaya unapukutika ukikunjwa, taa isubiri: nyaya zibadilishwe kwanza.